Gira ya Kushoto

Kiangazi kile Marcelė alichoshwa na watu. Kuku walikuwa wakitagia vichakani, paa la ghala lilikuwa likivuja, na hayo yote aliyavumilia, lakini watu wa magari walimshinda. Walikuwa wakitoka Warsaw kwenda maziwani, barabara yao inapita mbele ya lango lake, na tangu alipotundika pale kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, GIRA BARIDI, walianza kupunguza mwendo. Wanasoma. Wanatazamana. Wanacheka. Mmoja, baba mzima aliyevaa kaptura, alishuka akauliza kwa heshima zote kama gira hiyo ni ya nguruwe au ni ya mwenye nyumba.

"Ya mwenye nyumba," Marcelė alimjibu. "Nguruwe waipatie wapi?"

Yule baba alirudi garini ameshika mbavu, wakaondoka bila kununua kitu. Marcelė akabaki langoni na jagi lake mkononi, hajui kilichomchekesha mwenzake ni nini, na hakumwuliza. Kuuliza hakukuwa tabia yake. Wiki haikwisha, kibao kikawa hakipo. Mjukuu wake Gintas akasema ni upepo.

"Upepo gani huo unaofungua misumari?"

"Bibi, upepo wa siku hizi," alisema Gintas, akaenda zake kuosha gari.

Na gira ni kitu gani cha kuchekesha? Unachukua mkate mweusi, unaurudisha kwenye tanuri mpaka ukauke na kuungua kidogo pembeni, unaumwagia maji ya moto, unauacha mpaka maji yapate rangi ya kahawa. Unachuja, masimbi ya mkate yanayobaki unawapa nguruwe, maji unayatia sukari na hamira, yanaanza kufoka. Kisha unajaza chupa, na katika kila chupa unadondosha zabibu kavu. Zabibu zikipanda juu, tayari, peleka penye ubaridi. Ukiiacha kwenye joto itakupasukia usoni. Jina lenyewe halina fumbo: kwa Kilithuania kunywa ni *gerti*, na kinachonyweka ni gira. Wapolandi nao wana kinywaji cha namna hiyo, lakini wanakiita *kwas*, na kwas hiyohiyo kwao ni ile asidi ya betri. Marcelė alikuwa akisema hivi: mtu aliyekipa kinywaji cha wavunaji jina moja na maji ya betri ya trekta hakuwa na kiu siku hiyo.

Alizaliwa katika kijiji hichohicho, upande wa Poland, mpaka wa Lithuania ukiwa pale nyuma ya msitu. Nyumbani walisema Kilithuania, kama nyumba nyingi za pale. Ofisini, hospitalini na sokoni walisema Kipolandi. Alisoma madarasa saba. Akaolewa, akafanya kazi kituo cha kupokea maziwa mpaka alipostaafu, na katika kituo kile hapakuwa na mkulima aliyethubutu kuongeza maji kwenye keni yake akiwa Marcelė yupo. Mumewe akafa. Binti yake naye akafa, angali kijana, akamwachia Gintas akiwa bado anatambaa. Baba wa mtoto alikwenda Chicago kuezeka mapaa ya watu, akaezekea hukohuko, hakurudi. Basi Marcelė akawa mama, akawa baba, akawa bibi, na akawa mkali kwa nafasi zote tatu.

Kitu kimoja alijivunia kuliko hata gira yake, nacho ni Kipolandi chake. Alikisema kama kilivyo kitabuni, kila mwisho wa neno mahali pake. Alimsahihisha mpeleka posta. Alimsahihisha daktari wa mifugo huku daktari ameingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe. Na siku ya uchumba wa Gintas, mjini Suwałki, alimsahihisha baba wa Kinga, bibi harusi mtarajiwa, mbele ya ukoo wake wote.

Baba huyo aliitwa Zenon. Alikuwa dereva wa malori mstaafu, mzaliwa wa kule kusini kwenye migodi ya makaa, mtu wa kifua kipana na maneno ya barabarani. Alisimama na glasi kusimulia jinsi alivyokwenda mahali fulani, na hilo neno "nilikwenda" akalisema vile madereva wanavyolisema na walimu wanavyolikataza. Marcelė hakungoja hata amalize hadithi.

"Haisemwi hivyo, mkwe," alimwambia. Akamtamkia lile sahihi, polepole, kama anayemlisha mtoto.

Zenon alicheka na watu wakacheka, lakini masikio yake yalikuwa yameiva. Mkewe Wiesława aliyaona masikio yale, akaanza kugawa keki upesiupesi.

Sasa harusi ilipangwa Jumamosi, na siku kadhaa kabla yake Gintas alipakia chupa za bibi yake kwenye gari na kuzipeleka Suwałki kwa Zenon, maana nyumba ya Zenon ilikuwa karibu na ukumbi. Marcelė alimpa maagizo mpaka garini, akaendelea kumpa kupitia dirishani. Zikae chini. Zikae gizani. Zisitikiswe. Gintas alisema ndiyo bibi, ndiyo bibi, akaondoka. Marcelė hakuwa na imani. Mtu anayeendesha lori miaka yote hiyo, alisema, kwake kila kitu ni mzigo wa kurusha.

Jumatano jioni, akiwa anakanda unga, simu ikalia. Aliishika kwa vidole viwili kwa sababu ya unga. Alikuwa Zenon, na sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyemeza dawa za kumlaza.

"Mkwe," alisema. "Nina habari mbaya. Gira imepasuka."

Ukweli usemwe, jambo la kwanza lililomjia Marcelė lilikuwa furaha. Hatimaye! Hatimaye Mpolandi mmoja amekiita kitu kwa jina lake, hakusema kwas. Furaha hiyo ilidumu kiasi cha kuvuta pumzi. Kisha akaelewa kilichosemwa, au akadhani ameelewa.

"Zote?" aliuliza.

"Zote vipi? Moja. Ya kushoto."

"Ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa juu ya ngazi, kwenye gereji, naning'iniza taa za..."

"Juu ya ngazi!" Marcelė alikaa kwenye stuli na unga wake. "Nani alikutuma upande nayo juu ya ngazi? Si nilisema ikae chini?"

"Ningepandaje bila hiyo?" Zenon aliuliza.

"Kwa hiyo ni lazima uibebe kila unakokwenda? Haya. Kabla ya kupasuka ilivimba?"

"Ilivimba baadaye. Sasa imekuwa hivi, mkwe, kama boga."

"Hakuna cha baadaye, huwa inavimba kwanza, wewe hukuangalia tu. Na nyingine?"

"Nyingine nzima, namshukuru Mungu."

"Basi usianze kulialia. Harusi haisimami kwa ajili ya gira moja. Hiyo iliyopasuka tupa, yale masimbi yake wape nguruwe wa jirani, wanapenda sana. Mimi nitakuletea nyingine."

"Utaniletea nyingine," alisema Zenon, taratibu.

"Ninazo tele, chini ya sakafu. Tena bora kuliko hiyo yako, maana hizi zimekaa kwenye baridi, hazijachezewa. Na mkwe, nikuambie kitu, usikasirike. Kama mtu hawezi kutunza gira, asipewe."

Simu ikakatwa. Marcelė aliitazama, akasonya, akarudi kwenye unga wake. Hata kuaga hajui, alijisemea. Malori.

Siku ya pili Gintas alikuja asubuhi, hakufunga hata mlango wa gari. Alisimama katikati ya jiko uso umempauka.

"Bibi, umemwambia nini baba yake Kinga?"

"Nimemwambia atupe iliyopasuka, nitaleta nyingine. Ameshindwa hata hilo?"

"Umemwambia awape nguruwe?"

"Masimbi, ndiyo. Wewe ungeyafanyia nini, ungeyafungia utepe?"

Gintas alivuta kiti, akakikalia kinyume, akaweka paji la uso kwenye egemeo. Mabega yakaanza kumtikisika, na Marcelė hakujua kama analia au anacheka, na yeye mwenyewe Gintas huenda hakujua.

"Bibi. Ameanguka kwenye ngazi. Amevunjika mguu. Alikupigia kutoka hospitali, kitandani, kabla hata plasta haijakauka. Ulikuwa wewe wa kwanza kupigiwa baada ya Kinga, kwa heshima."

"Mguu?" alisema Marcelė. "Hakutaja mguu. Alitaja gira."

"Kwa Kipolandi gira ni mguu."

"Kwa Kipolandi mguu ni *noga*!" Aligonga meza kwa kifundo cha kidole. "Usinifundishe mimi. Noga, wingi wake *nogi*. Nimelijua kabla mama yako hajazaliwa."

"Noga ni mguu wa kwa daktari. Gira ni mguu wa nyumbani. Ni guu, bibi. Guu! Toa maguu yako mezani. Madereva wanasema hivyo, wanafunzi wanasema hivyo, Poland nzima inasema hivyo ikivua viatu. Hawakukufundisha kwa sababu hakuna mwalimu anayefundisha matusi madogo."

Ndani ya kichwa cha Marcelė yale mazungumzo yalianza kujirudia, neno kwa neno. Ya kushoto. Ningepandaje bila hiyo. Imevimba kama boga. *Ninazo tele, chini ya sakafu.*

"Mama wa Mungu," alisema kwa Kilithuania.

"Ameiambia wodi nzima," alisema Gintas. "Kuna mzee kitanda cha jirani anataka polisi waje kukagua sakafu yako."

Kisha, kwa kuwa siku ilikuwa imeshaharibika, Gintas akakiri na mengine. Kwamba kibao alikiondoa yeye. Kwamba wageni wa Warsaw walikuwa wakipiga picha lile tangazo la guu baridi na kuzirusha kwenye simu zao. Kwamba kwa kina Kinga hajawahi hata mara moja kulitaja neno gira, kila mara amesema kwas, ili bibi yake asichekwe. Na kwa hiyo Zenon hakujua kabisa kwamba kuna kinywaji duniani chenye jina hilo.

"Kwas!" Marcelė alisema, na hapo ndipo alipopata mahali pa kumwaga hasira. "Nimekulea, nimekulisha, nimekusomesha, unakwenda kwa watu unasema bibi yako anapika maji ya betri! Ungeniambia siku ya kwanza, haya yangetoka wapi?"

"Nilikuhurumia."

"Usinihurumie. Nikihurumiwa napata kiungulia."

Lakini balaa lenyewe lilikuwa hili, na Gintas alilisema mwishoni kwa sauti ndogo. Jumamosi, kabla ya kwenda kanisani, bwana na bibi harusi hupiga magoti mbele ya wazazi kupokea baraka. Kwa upande wa Gintas mzazi ni Marcelė, hana mwingine. Zenon amesema hasimami wala hakai chumba kimoja na mwanamke yule, labda aje amwombe radhi kwa mdomo wake. Asipokuja, yeye atabaki chumbani na mlango ataufunga. Na Kinga amelia, amesema bila mkono wa baba yake kichwani hatoki nyumbani kwenda kanisa lolote.

"Si umwambie ilivyokuwa?" alisema Marcelė. "Mweleze."

"Nimemweleza jana usiku kucha. Haamini. Amesema, bibi yako alinisahihisha mimi kitenzi mbele ya mama yangu mzazi. Mwanamke anayejua Kipolandi kumshinda askofu, leo hajui gira ni nini? Amesema najaribu kukufunika. Bibi, ni wewe tu. Mpigie, useme neno moja. Sema hukuelewa."

Marcelė aliinuka akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Hilo sisemi," alisema.

"Kwa nini?"

"Nitasema simu ilikuwa mbovu."

Domicelė wa nyumba ya pili aliingia kuazima sufuria, akakuta hali imechafuka, akaketi moja kwa moja maana sufuria ingeweza kungoja. Alikuwa rika la Marcelė, mpana, mcheshi, na hakuwa na siri ya mtu hata moja aliyoitunza mpaka Jumapili. Alisimuliwa yote. Alicheka mpaka akaomba maji.

"Umeambiwa mtu kavunjika, unasema apewe nguruwe!" alisema akijifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. "Marcelė, dada yangu, hata mimi nisingekualika."

"Na lile neno lao limetoka wapi?" Marcelė alifoka. "La kwetu linajulikana, linatoka kwenye kunywa. La kwao linatoka wapi? Waniambie!"

"Linatoka kiunoni," alisema Domicelė, "linaishia kwenye kidole gumba. Nenda ukamwombe mtu radhi. Sema hukuelewa, unywe chai, urudi."

"Ninyi nyote mmekaririshwa?"

"Aa," alisema Domicelė, na safari hii hakucheka. "Kumbe ni lile." Akamgeukia Gintas. "Bibi yako hajakwambia walivyokuwa wakimwita shuleni."

"Domicelė, chukua sufuria."

"Tulipoanza darasa la kwanza hatukujua Kipolandi hata cha kuombea maji. Mwalimu mgeni, anasema hiki, anasema kile. Sisi wengine tulikuwa waoga, tunanyamaza. Bibi yako ndiye aliyekuwa na ushujaa wa kuinua mkono. Kila siku anainua mkono, anasema, sijaelewa. Watoto wa mjini wakamwita Sijaelewa. Sijaelewa njoo, Sijaelewa lete mpira. Mpaka darasa la tatu, la nne. Kuna waliodhani ndilo jina lake la ubatizo."

Marcelė alikuwa amewapa mgongo, anatazama uani. Kuku wawili walikuwa wakipigania ganda la tikiti. Ilikuwa kweli yote. Isipokuwa Domicelė hakujua kwamba baada ya hapo Marcelė alikwenda kila siku nyuma ya zizi na kitabu cha kusomea, akamsomea ng'ombe Kipolandi kwa sauti, mpaka hakuna aliyeweza kumcheka tena. Na tangu siku hizo neno lile halijatoka kinywani mwake. Aliposomewa mkataba wa shamba la marehemu mumewe, kwa maneno ya mawakili, alitikisa kichwa kana kwamba ameelewa, na kipande cha malisho kikaenda. Daktari alipomweleza ugonjwa wa binti yake, alitikisa kichwa. Alirudi nyumbani akafungua kamusi peke yake.

"Afadhali anione katili," alisema bila kugeuka. "Katili anaheshimiwa."

"Na mimi?" aliuliza Gintas. "Mimi nikapige magoti mbele ya mlango uliofungwa?"

Marcelė aliendelea kutazama kuku. Gintas alichukua ufunguo wa gari, akatoka, na safari hii mlango aliufunga taratibu sana, na utaratibu ule ulimuudhi Marcelė kuliko kama angeubamiza.

Ijumaa Marcelė alivaa sketi yake ya kanisani, akapanda basi la Suwałki, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Aliyapanga kwa Kipolandi safi kabisa. Kulikuwa na kutoelewana kwa bahati mbaya. Mazingira ya simu hayakuwa mazuri. Maana ya neno husika inatofautiana. Yalikuwa maneno mazuri. Angeweza kuyasema bungeni.

Wiesława alimfungulia mlango bila kumkaribisha wala kumzuia. Zenon alikuwa sebuleni kwenye kiti kikubwa, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya stuli, mweupe wa plasta, mnene kama gogo la mti wa mbetula. Alipomwona Marcelė aliuvuta ule mguu kidogo upande wake, kama mtu anayevuta mtoto wake penye mbwa.

"Umekuja na kisu?" aliuliza.

"Nimekuja kuzungumza, mkwe."

"Nguruwe umewaacha na nani?"

Marcelė aliketi bila kuambiwa, akaanza maneno yake. Akasema kutoelewana kwa bahati mbaya. Akasema mazingira ya simu.

"Simu ilikuwa safi," alisema Zenon. "Nilisikia hadi ulivyokuwa ukipumua."

Akasema maana ya neno husika.

"Neno gani lina maana ngapi? Gira ni gira. Hii hapa!" Aliipiga plasta kwa kofi, akaumia, akalaani kwa maneno ambayo nayo hayamo vitabuni. "Mwanamke wewe, nimelala hospitalini, naogopa nitamtoaje binti yangu nikiwa kilema, nasema nimpigie mkwe, mzee mwenzangu, atanifariji. Unaniambia nisilie! Unaniambia unazo nyingine chini ya sakafu! Na kijana wako anakuja ananidanganya kwamba eti hukujua. Wewe! Usiyejua kitu gani wewe?"

Wiesława alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Kutoka chumba cha ndani ilisikika redio ikizimwa. Kinga alikuwa humo, anasikiliza.

Marcelė alifungua mdomo. Neno lilikuwepo pale, la Kipolandi, fupi, la mtoto wa darasa la kwanza. Halikutoka. Aliona darasa, aliona mkono wake mwenyewe umeinuliwa. Alijaribu tena, na kilichotoka kilikuwa Kilithuania, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

"*Nesupratau*."

Zenon alikunja uso. "Nini?"

"*Nesupratau*, mkwe."

"Sijaelewa," alisema Zenon.

"Ndicho nilichosema!"

"Umesema nini?"

"Nimesema hivyo ulivyosema!" Marcelė alikuwa amesimama, machozi na ghadhabu vimemjaa pamoja, na sasa Kipolandi chake kilikuja, lakini si kile cha kitabuni, kilikuja hovyo, miisho ya maneno inagongana. "Sijaelewa! Sikuelewa! Kwetu gira ni kinywaji! Nilidhani chupa! Chupa imepasuka kwenye ngazi, chupa ya kushoto! Sikujua kama ni guu, hakuna aliyewahi kuniambia kama ni guu, na sikuuliza kwa sababu mimi huwa siulizi! Umeridhika?"

Zenon alianza kuhesabu nyuma kichwani, ilionekana usoni, neno baada ya neno kama Marcelė alivyofanya jikoni kwake. Mdomo wake ukaanza kutetemeka upande mmoja.

"Masimbi," alisema.

"Ya mkate," alisema Marcelė.

"Mungu wangu. Zimekaa kwenye baridi, hazijachezewa." Alifunika uso kwa mikono yote miwili, akaanza kucheka kwa uchungu maana kila akicheka mguu ulimwuma, na kila ukimwuma alimlaani Marcelė, na Wiesława naye akageukia ukuta na taulo mdomoni. Marcelė hakucheka. Hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amechoka kama aliyekamua zizi zima kwa mkono.

"Nipe maji," alimwambia Wiesława.

Zenon alipopata pumzi alisema, "Umekosea mwisho wa neno, mkwe. Hapo uliposema chupa."

"Nimesikia."

"Nilitaka tu ujue kwamba nimesikia na mimi."

"Nimekwambia nimesikia!" alisema Marcelė. "Kesho saa ngapi?"

Jumamosi sebule ile ilijaa watu mpaka dirishani. Ilikuwa shida, maana guu la Zenon lilichukua nafasi ya watu wawili, na hakukuwa na namna ya kulikunja. Gintas alipiga magoti upande mmoja wa plasta, Kinga upande wa pili, na gauni lake likalifunika lote kama kitambaa cha meza. Marcelė alishika kibakuli cha maji ya baraka. Alikuwa ameyaandaa maneno yake kwa Kipolandi, lakini alipotazama kisogo cha Gintas aliyasema kwa Kilithuania, kama alivyosemewa yeye na mama yake, na nusu ya chumba haikuambulia kitu. Kisha Zenon akanyoosha mkono mpana, akauweka kichwani kwa binti yake, na sauti yake ya lori ikapotea kabisa, ikabidi Wiesława ammalizie.

Watu wakaanza kuinuka. Kinga naye akainuka, akiegemea asichokiona chini ya gauni lake.

"Gira!" alipiga kelele Zenon. "Mkwe! Gira, gira!"

Marcelė alikuwa karibu na meza, na chupa zilikuwa pale zimepangwa na glasi zake. Alisimama wima na kibakuli mkononi, hakugusa kitu.

"Ipi?" aliuliza.